Maji Yaliyobaki

Pale Mahabibo, mtaa wetu wa Mahajanga kule Madagaska, wazee walikuwa na tabia ya kujifanya watoto. Ungekaa nami sokoni asubuhi moja tu, nyuma ya vikapu vyangu vya uduvi, ungejionea. Anakuja bibi kizee, mvi mpaka kwenye nyusi, wajukuu wake wana watoto. Ghafla anamwona mama mmoja mwembamba anakatiza kati ya meza za samaki na kapu lake la ukindu. Basi bibi huyo anawahi, anakinga viganja kama anayepokea peremende, anainama na kusema, "Kwezi."

Kwezi ni salamu ya Wangazija, na sisi tulioishi nao tuliichukua. Mdogo anakinga viganja, mkubwa anaweka mkono wake juu yake, anajibu "Mbona," na kila mtu anaendelea na safari yake. Mdogo ndiye anayeitoa, hata kama wamepishana mwaka mmoja. Mtu wa kuitwa nyanya hamtolei kwezi mtu wa umri wa binti yake. Ila kwa Mwosha walitoa, tena wakikimbilia.

Tulimwita Mwosha kwa sababu aliosha maiti wa kike. Walio hai aliwakanda: migongo, mabega, miguu iliyokufa ganzi. Mikono ilikuwa ile ile, jambo ambalo wateja wake walijitahidi kutolifikiria. Na ukimpa mkono kama mkubwa wake, yeye ndiye anakinga, yeye ndiye anapokea. Hapo alikuwa anakubana kidogo na kungoja umbane nawe. Akikuachia upesi, unakwenda zako kununua samaki. Akichelewa, mtaa mzima utapata habari kabla mchuzi haujachemka. "Mwosha kamshikilia fulani." Aliyesema alishusha sauti, na aliyesikia alimtazama fulani kama mtu aliyekwisha kata tiketi.

Ndiyo maana wazee walijishusha umri. Afadhali uitwe mtoto mbele ya soko zima kuliko Mwosha akucheleweshe mkono. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa mkali kwa heshima yake, wa kukunyima salamu ukimpita bila kuinama, akimtolea Mwosha kwezi kutoka ng'ambo ya mtaro, ili wasigusane kabisa.

Mimi sikumwogopa wakati huo. Nilikuwa na nguvu, na kazi yangu ilinifundisha mkono unaweza kujua nini. Mchuuzi wa uduvi anaulizwa kila siku kama mzigo umekauka. Ukiutazama utadanganywa, kwa sababu jua linakausha juu na unyevu unakaa chini. Unautia mkono mpaka kwenye sakafu ya kikapu, unaufumbata, unasikiliza. Mwosha alifanya hivyo hivyo, ila vikapu vyake vilikuwa vinatembea.

Niseme pia kuhusu lugha, asije mtu akadhani Mahabibo tulikaa tukisema hivi ninavyoandika. Kiswahili hiki nilikirithi kwa marehemu baba, aliyekitumia kwa dini na kwa biashara ya majahazi. Mwosha alichanganya Kingazija na Kisakalava katika pumzi moja, na Kiswahili alikitoa kama sahani za wageni, kwa dua na kwa bei. Nayaweka maneno yake kwa namna yalivyotulia kichwani mwangu.

Hakuwa na sindano wala kisu wala dawa ya kunusa. Alipoitwa nyumba yenye mzee, alikaa, akakubali kahawa, akazungumza habari za watu wengine. Ungedhani amekuja kusengenya, na kwa kweli alikuwa anasengenya. Lakini macho yalikuwa kazini. Mzee akiinuka kutoka kwenye kigoda, Mwosha alitazama kama anainuka kwa mapaja au kwa kusukuma goti kwa mkono. Wanawake wakiswali, yeye akiwa hana udhu au akijidai hana, alitazama nani anatoka sijdani kama aliyeitwa na nani anatoka kama anayejing'oa.

Alikuwa na mtego mwingine. Alimwomba mzee amsindikize mlangoni, na katikati ya ua akamuuliza jambo dogo. "Jana mlipika nini, dada?" Mzee anayejibu huku anatembea, vyema. Mzee anayesimama kwanza ndipo ajibu, Mwosha alimsikiliza mpaka mwisho kwa upole mkubwa, na upole huo ulinitisha kuliko ukali wa mtu yeyote.

Na miguu. Aliunganisha vidole gumba na vya shahada vya mikono yake miwili, akafanya pete, akaipitisha kwenye shavu la mguu wa mzee, pale palipo panene. Pete ikikataa kufungana, aliridhika. Pete ikifungana na nafasi ikabaki, alivuta nguo ya mzee akaufunika mguu, taratibu, kwa namna anavyofunika wale wateja wake wengine.

Pete hiyo ilimdanganya mara moja, na hilo hakulificha. Muuza vitumbua wa nyuma ya msikiti alikuwa mnene, wa kujaza mlango. Mwosha alipima mguu wake, pete haikukaribia hata kufungana, akacheka. "Huyu atatuzika sote." Hata mvua haijarudi, muuza vitumbua akashindwa kuinuka kwenye kigoda chake mwenyewe, akalala, akafa. Mwosha ndiye aliyemwosha. Alitoka kule ndani akakaa kizingitini kwangu bila kunawa uso.

"Nyama ilikwisha hama," akaniambia. "Yalibaki mafuta yanalinda nyumba."

Tangu hapo akaanza kutembea na kitambaa. Kilikuwa kipande cha bafta, nguo ya sanda, kirefu kama mkono, na sote tulijua bafta ya Mwosha inabaki kutoka wapi. Alikichovya majini, akampa mzee akikamue mpaka asione tone. Kisha alikichukua yeye, akakikamua tena juu ya sinia kavu. Maji yaliyoanguka safari ya pili ndiyo yaliyokuwa jibu. Mimi, ambaye nahesabu kila kitu mara mbili, hata wageni wa harusi, nilikipenda kipimo hicho kuliko vyote. Wazee walikichukia. Walisema anakamua siku zao.

Mwenyewe alikuwa mtu wa kuchekesha ukimzoea. Aliogopa vyura. Alipenda halua mpaka alikunja karatasi yake na kuiweka kifuani ainuse baadaye. Kwenye kununua hakuwa na adabu hata kidogo: alilipa bei ya kwanza, jambo linalomvunja moyo mchuuzi yeyote, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana. "Bibi, nipunguzishe basi," nilimwambia siku moja, "majirani wanatazama." Akanijibu, "Kwangu hakuna anayepunguziwa, mimi nitaanzaje?" Alikanda mtaa mzima na hakukubali kukandwa. Na mtu aliyesema kila siku kwamba mkono usiofanya kazi unakwenda zake, alipokuja kwangu alingoja nimmiminie kahawa mwenyewe.

Alipoambiwa kwamba daktari wa Kifaransa kule zahanati naye anawafumbatisha wazee vidole vyake viwili, alitaka kujua jambo moja tu. "Na yeye wanampa kwezi?"

Wanaume walikuwa na balaa lao. Serikali ilichukua watu kwenda kutengeneza barabara, na aliyezeeka aliachwa. Kwa kuwa wengi hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa, karani alitazama mwili. Hivyo asubuhi mzee alijikunja mbele ya karani, akakohoa, akaburuta mguu. Jioni akipita barazani kwa Mwosha alijikunjua, akatoa kifua nje, akaamkia kwa sauti ya mwadhini. Hata wanaume, ambao asingewaosha kamwe, walitaka wamwache na picha nzuri. Mwosha aliwaitikia kwa kichwa. "Huyu, karani kamkosea," alininong'oneza mara nyingi. Na mara chache: "Huyu asubuhi hakuigiza."

Hayo yote niliyaona kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani, mpaka alipokuja mama yangu.

Mama aliishi kisiwani Nosy Be, upande wa Marodoka, pamoja na kaka yangu mkubwa. Tangu tukiwa wadogo alichuma maua ya langilangi kwenye shamba la mzungu, alfajiri, kabla jua halijaiba harufu. Mikono yake ilinukia hata akikupiga kofi. Alikuja Mahajanga kunitembelea, akakaa sokoni nyuma ya vikapu, amejifunga shiromani yake nyekundu, anawatazama wateja kama wanaomdai. Mwosha akatokea. Mama hakujua desturi yetu ya kujifanya watoto. Alikuwa mkubwa, na aliona mbele yake mwanamke mdogo kwake. Akanyoosha mkono kwa enzi yake yote na kungoja.

Mwosha akakinga. "Kwezi, dada."

"Mbona," akasema Mama.

Muuza nazi wa jirani aliacha kufua nazi. Mimi nilijifanya natafuta mizani. Mkono ukakaa pale. Mama akautazama, akanitazama mimi, akamwambia Mwosha, "Ukimaliza nirudishie. Ninao miwili tu."

Jioni nilimfuata Mwosha nyumbani kwake. Sikuzunguka.

"Bibi, sema."

"Unaondoka," akasema. Alimaanisha mkono. "Haujafika mbali. Anachota maji mwenyewe?"

"Anachota."

"Anatwanga?"

"Kila siku. Kisamvu chake hakina nyuzi."

"Basi muache atwange. Mpeni samaki, mpeni njugu, aache kunywa chai na mkate kama mgonjwa. Na mtu asimnyang'anye ndoo. Umesikia? Asimnyang'anye mtu kwa mapenzi."

Nikamrudisha Mama Nosy Be na maneno hayo, na kwa kaka nikayatuma tena kwa mdomo wa abiria mwingine, ili yafike mara mbili. Yalifika mara moja na nusu. Kaka alisikia kwamba Mwosha wa Mahajanga amemshikilia Mama. Yaliyofuata hakuyasikia. Kaka ni mtu mwema, na nataka hili lieleweke. Alikuwa na duka dogo Hellville, mji wa kisiwa kile, alikuwa na uwezo, na kwetu mwana mwenye uwezo anaonekana kwa jambo moja: mama yake hagusi kazi.

Haukupita muda mrefu, nikapata habari kutoka kwa baharia wa meli inayopita Nosy Be. Alisimama mbele ya vikapu vyangu, kofia mkononi. "Kaka yako anasema mama yenu amepumzika."

Katika Kiswahili chetu hakuna haja ya kuuliza zaidi. Nilifunga vikapu. Nilinunua mchele wa hitima. Mwosha alikuja bila kuitwa, na kapu lake, na bafta ndani ya kapu kama kawaida. "Watakuwa wamekwisha kumzika," akasema, "lakini nitakaa nawe matangani." Melini nililia vizuri sana. Wanawake wa Kisakalava tusiojuana nao walinishika mabega.

Tulipofika Marodoka nilisikia sauti ya Mama kutoka ndani, inauliza nani ameacha mlango wazi.

Kaka alitoka akatukumbatia, akashangaa macho yangu. "Unalilia nini? Si nilikutumia habari? Tumempumzisha Mama." Baharia aliangusha silabi moja baharini, na mimi nikaja na mchele wa hitima ya mtu aliye hai. Tuliupika. Mama aliula, akasema umekosa chumvi.

Alikuwa kwenye kitanda kipya cha chuma, cha springi, mito mitatu mgongoni. Mchi na kinu vilikuwa nje chini ya ukuta, kuku wamelala ndani ya kinu. Msichana aliajiriwa kuchota maji, mwingine kupika. Mama hakushushwa kitandani ila kwa kwenda msalani, na hapo alivutwa kwa mikono yote miwili. Alipomwona Mwosha na kapu lake alitabasamu upande mmoja.

"Umekuja kuniosha?"

"Nimekuja kukusalimia, dada. Kwezi."

Safari hii Mama alitoa mkono polepole, na Mwosha hakuushikilia hata kidogo. Aliuachia upesi, na hilo lilikuwa baya kuliko kushikiliwa. Halikuwako la kungoja.

Akachovya kitambaa. Mama akakikamua akiwa amekaa, akitoa ulimi kidogo kama mtoto anayeandika. Vilianguka vijimaji. Mwosha akakichukua, akakisokota juu ya sinia, na maji yakamwagika kama hakijakamuliwa na mtu. Kaka alisimama mlangoni. Alitazama sinia, akatazama kitanda alichokinunua.

"Mrudishie kinu chake," Mwosha akamwambia, "leo hii, kabla kuku hawajataga humo."

"Watu watasema nini?" Kaka akauliza. "Nina duka, mama yangu atwange?"

"Watasema mama yake anatwanga. Sasa hivi watasema nini? Na mimi nimekuja na kapu."

Kaka akaenda, akafukuza kuku, akaleta mchi. Aliuweka kando ya kitanda, analia. Nami nikaingia kwa namna ninayoijua, nikaanza kupatana. Mama, asubuhi tu, kiganja kimoja cha kisamvu. Mama, usitwange, ukae kwenye kigoda uinuke, nitakushika. Mama, mara moja tu kwa siku. Nilishusha na kushusha mpaka bei ikawa karibu na bure.

Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," akasema, "nimeamka alfajiri kuchuma maua ya mtu tangu sijakuzaa. Kila siku nilisema kuna siku nitalala mpaka jua lichome. Leo mwanangu ameninunulia kitanda. Mnataka nishuke?"

"Ukikaa humo utakwisha," Mwosha akamwambia. Alisema wazi, bila kupamba.

"Nitakwisha nikiwa nimelala. Wewe utakwisha umesimama. Tutakutana."

Nilimtazama Mwosha nikitegemea jibu. Alikunja kitambaa, akakitia kapuni, akapanda kitandani, akaanza kumkanda Mama nyayo, na Mama akafumba macho kwa raha, na zile springi zikawa zinalia kwa chini. Kaka aliurudisha mchi nje.

Baharia yule alikuja tena msimu wa kamba ukiwa umepamba moto. Alivua kofia. Nilimkatiza.

"Amepumzika, au wamempumzisha?"

Akafikiri kwa uaminifu mkubwa, maskini. "Kuna tofauti?"

Nikafunga vikapu.

Baada ya hapo nilihamishia biashara karibu na bandari, nikawa napita Mahabibo kwa nadra. Uduvi ulikwenda vizuri. Bendera ya Wafaransa ilikuwa bado ile ile juu ya posta, mimi ndiye niliyebadilika, mvi zilianza kando ya masikio. Siku moja nikakutana na binti wa Mwosha, sasa mwanamke mzima, anachagua viazi. Nikamuuliza habari za mama yake. Akatabasamu kama anayetangaza harusi.

"Mama tumempumzisha," akasema.

Nilikwenda alasiri ile ile na pakiti ya halua. Binti alikuwa uani, anaanika nguo. Mwosha alikuwa kitandani, amejaziwa mito, amefungwa kilemba safi, amekuwa mdogo kama kitu kilichofuliwa mara nyingi. Nilivuta kigoda nikakaa. Tukasengenya wazima, kisha tukasengenya wafu. Na niseme nilichokwendea: nilitaka kuushika mkono wake. Nilitaka mtu mmoja katika Mahajanga ajue habari za mkono ule kabla haujaoshwa na mwingine.

Nikakinga viganja. "Kwezi, Bibi."

Hakutoa mkono. "Niletee kwanza lile beseni, pale chini ya dirisha."

Nikainuka nikalileta, nikakaa. Alikuwa ananitazama.

"Umeshika goti," akasema.

"Kigoda chako ni kifupi."

"Kigoda ni kile kile."

Ndani ya beseni mlikuwa na kitambaa kimelowekwa. Kila binti akienda sokoni, Mwosha alishuka kitandani, akafua nguo zake mwenyewe humo chumbani na kumwaga maji dirishani, kisha akapanda tena kwenye mito yake akawa mgonjwa. Alinieleza hayo kwa kujisifu kidogo. Halafu akanisukumia beseni.

"Kamua."

Nikacheka. "Bibi, mimi? Mimi ninabeba magunia."

"Ulikuwa unabeba. Siku hizi anabeba nani?"

Nilikuwa nimemkodi kijana wa mkokoteni. Gunia kwa gunia, kutoka bandarini mpaka mlangoni. "Nimepumzisha mgongo tu," nikasema, na neno likanitoka mdomoni kabla sijalikamata.

Nikakichukua kitambaa. Nilikisokota kwa mikono yote miwili mpaka viungo vya vidole vikawa vyeupe, nikabadilisha upande, nikasokota tena. Nilikikung'uta hewani mbele yake. Halikuanguka tone. Nikampa, na sura yangu ya ushindi ya sokoni.

Alikunja mikono ya nguo yake. Hakuwa na haraka. Akakishika mwanzo na mwisho, akakizungusha mara moja tu, na maji yakatoka, kwanza uzi mwembamba, kisha matone, juu ya mkeka, kwa kuwa sinia hatukuwa nayo. Niliyahesabu. Nikayahesabu tena kwa jinsi nilivyozoea, nikitumaini hesabu ya pili itapungua.

Haikupungua.

Binti yake alisikia kutoka uani. "Nani kamwaga maji humo ndani?"

Nilimngoja Mwosha ajibu. Alikuwa anafungua halua.

"Mimi," nikasema.